Zimwi Likujualo: Kwa Nini Mashabiki wa Filamu za Kutisha Hawaachi Kubishana

Mabishano ya mashabiki wa filamu za kutisha huanza na moja kati ya kauli mbili. Ya kwanza: muvi za siku hizi hazitishi, ni watu wanalilia msiba mezani kwa saa mbili nzima, halafu dakika kumi za mwisho ndiyo analetwa shetani. Ya pili: hizo za kina Jason, muuaji wa mfululizo wa Friday the 13th, mnazozisifia ni vichekesho, jitu linatembea kwa madaha na panga mkononi na bado linamkuta anayekimbia. Baada ya hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake, kwa sababu kila upande unapima filamu kwa kipimo ambacho mwenzake hajawahi kukitumia.

Ukiyachambua malalamiko moja moja unagundua kuwa mpaka haupiti kati ya zamani na sasa, ingawa wote wanaapa kuwa ndipo ulipo. Upande mmoja yuko mtazamaji anayetaka kurudi kwa mtu anayemfahamu. Upande wa pili yuko anayetaka kufanyiwa jambo ambalo hakulitegemea. Mara nyingi mtu huyo huyo ni wa upande huu Ijumaa na wa upande ule Jumamosi.

Tuanze na slasha, maana ndiko jazba ilikojaa. Slasha ni filamu ya muuaji, kwa kawaida mwenye barakoa na kitu chenye makali, anayewamaliza vijana mmoja baada ya mwingine hadi abaki mmoja wa kupambana naye. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliivunja kanuni ya "steringi hafi" katika Psycho kwa kumuua mhusika tuliyedhani ndiye mkuu, bafuni, kabla filamu haijafika nusu. Waitaliano wakaja na filamu zao za wauaji wenye glavu nyeusi. Mwaka 1974 Kanada ikatoa Black Christmas, ambamo simu za vitisho zinapigwa kutoka ndani ya nyumba ile ile. Hata hivyo, iliyofungua milango ya biashara ni Halloween ya John Carpenter, 1978. Ilitengenezwa kwa takriban dola 325,000, ikaingiza kama dola milioni 70. Fedha zilikuwa za kubana mno, hata barakoa ya muuaji, Michael Myers, ikawa ni ile ya Kapteni Kirk wa Star Trek, iliyonunuliwa dukani kwa chini ya dola mbili, ikapanuliwa matundu ya macho na kupuliziwa rangi nyeupe. Kwa hiyo uso uliowanyima watu usingizi kwa zaidi ya miaka 40 ni wa mwigizaji William Shatner, ambaye hakuwa na habari.

Watayarishaji wengine wakapiga hesabu. Friday the 13th ikatoka 1980 kwa bajeti isiyofika dola milioni moja, ikakusanya karibu dola milioni 40 Marekani pekee. A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, 1984, iliinyanyua kampuni ndogo ya New Line hadi ikawa inaitwa nyumba iliyojengwa na Freddy, muuaji wa filamu hiyo. Mwaka 1988 akaja Chucky, mwanasesere wa Child's Play. Kila moja ikazaa mwendelezo, na mwendelezo ukazaa wajukuu. Leo Halloween ziko 13, na Friday the 13th ziko 12 ukijumlisha ile ya Jason kupigana na Freddy na ile iliyotengenezwa upya 2009. Katika mojawapo Jason yuko kwenye chombo cha anga. Sitanii.

Sasa, mtu asiye shabiki hudhani kwamba anayeangalia sehemu ya saba ya Jason amekaa pale anatetemeka. Hatetemeki hata kidogo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mashabiki wamekuwa na Jason tangu 1981. Katika mifululizo hii steringi ni muuaji mwenyewe. Vijana hubadilishwa kila sehemu na majina yao husahaulika kabla orodha ya washiriki haijaisha kupita. Shabiki anachokiangalia ni ufundi: kifo kimebuniwaje, damu imetokaje, na Jason wa safari hii, aliyeigizwa na mtu mwingine, anageuzaje shingo.

Chukua kifo kimoja tu katika Friday the 13th ya 1980. Kijana amelala kitandani, mkono unatoka chini ya kitanda na kumkandamiza kichwa, kisha mshale unachomoza kooni kutoka chini. Kijana huyo ni Kevin Bacon, kabla hajawa maarufu. Fundi wa vitisho, Tom Savini, alimweka Bacon akiwa amepiga magoti chini ya kitanda, kichwa chake tu kikiwa kimetokezea juu, halafu akamuunganishia shingo na kifua vya bandia. Wakati wa kupiga picha mpira wa pampu ya damu ukachomoka. Msaidizi wa Savini, aliyekuwa kajibanza huko chini, akaudaka mrija na kuupuliza kwa mdomo. Ile damu inayoruka kwa mapigo, ambayo watazamaji waliiona ya kweli kupita kiasi, ni pumzi za mtu. Ukishajua hivyo, hutaki tena kutishwa na tukio lile. Unataka kulirudia uone lilivyofanyika. Na huo ndio uraibu wenyewe wa slasha.

Ndiyo maana mashabiki hawa wanashika vitu ambavyo mtu wa nje anaona ni upuuzi. Kwamba muuaji wa filamu ya kwanza si Jason bali mama yake, Pamela Voorhees. Scream ya 1996 ilimuua kijana wa watu kwa sababu tu mpenzi wake alikosa swali hilo kwenye simu. Kwamba katika sehemu ya pili Jason alivaa mfuko kichwani, na barakoa ya kipa wa hoki, ambayo dunia nzima inamtambulia kwayo, haikuonekana hadi sehemu ya tatu, 1982.

Mwenye mapenzi ya namna hii ana madai yake, na ukiyaelewa hasira zake zinaacha kushangaza. Mwaka 1982 Halloween III ilitoka bila Michael Myers kabisa. Waandaaji walitaka kila sehemu iwe hadithi mpya. Watu wakakasirika. Mwaka 1985 sehemu ya tano ya Friday the 13th ilimalizika kwa kufichua kuwa tuliyemwona muda wote hakuwa Jason bali mtu aliyejifanya yeye. Watu wakakasirika. Mwaka 2022 Halloween Ends ikampa sehemu kubwa ya filamu kijana mgeni anayeitwa Corey na kumweka Michael kwenye mtaro wa maji machafu, mzee na mgonjwa. Miaka 40 imepita na lalamiko halijabadilika hata neno: tulikuja kwa ajili ya fulani, mmetuletea nani huyu? Halloween III sasa ina wapenzi wengi, na hakuna kilichorekebishwa ndani yake. Ni kwamba anayeifungua leo anajua tangu mwanzo kuwa Michael hayumo.

Kuna kero ya pili inayowachosha hata wavumilivu: kufutwa kwa kumbukumbu. Laurie Strode, aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis, alikuwa yaya wa kawaida mwaka 1978. Filamu ya 1981 ikasema ni dada yake Michael. Ya 1988 ikatuambia amekufa ajalini. Ya 1998 ikamrudisha, hai, ikidai kifo kile kilikuwa cha kujificha. Ya 2002 ikamuua. Ya 2018 ikafuta kila kitu isipokuwa filamu ya kwanza, undugu ukiwemo, na kumleta Laurie akiwa bibi mwenye bunduki na nyumba iliyojaa mitego. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 250. Mimi naona uamuzi wa 2018 ulikuwa sahihi, maana undugu ulikuwa umemharibu Michael. Muuaji asiye na sababu anaogopesha kuliko mwenye ugomvi wa kifamilia. Ila namwelewa aliyewekeza miaka 30 kwenye ukoo huo kisha akaambiwa haukuwahi kuwepo.

Haya, tuhamie kwa hizi za kisasa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 lilikuja wimbi la filamu ambazo wahakiki walizipa vyeo kana kwamba ndizo zilizostaarabika: The Babadook kutoka Australia (2014), The Witch ya Robert Eggers, Hereditary na Midsommar za Ari Aster. Nyingi zilisambazwa na kampuni ya A24, na jina la kampuni likageuka kuwa jina la aina ya filamu. Hapo hapo Get Out ya Jordan Peele (2017), iliyogharimu dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 na kuchukua Oscar ya uandishi. Kutisha kukapata heshima, na heshima ikaleta nongwa.

Nongwa hiyo ina sababu. Unapoiita filamu "ya kutisha lakini yenye akili", umeshamwambia aliyekulia kwa Freddy kwamba yeye alikuwa akiangalia zisizo na akili. Ilhali The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, yenye jina linalonuka damu, karibu haionyeshi damu. Msichana anatundikwa kwenye ndoano ya nyama na kamera haionyeshi ndoano ikiingia. Ni kichwa chako kinachomalizia kazi. Mwongozaji Tobe Hooper alidhani kwa kujizuia hivyo atapewa daraja la filamu ambayo hata watoto wangeruhusiwa kuiona. Hakupewa, bila shaka. Nightmare nayo ni habari ya wazazi waliotenda uovu na kuuficha, na watoto wanaolipa deni hilo usingizini. Maana ilikuwepo tangu zamani, ila haikujitangaza.

Lalamiko la pili dhidi ya filamu mpya nalikubali kwa sehemu tu. Wanasema zimwi limegeuzwa kuwa huzuni. Babadook ni msiba wa mume. Sawa, na filamu ile ilifanya vizuri kwa sababu zimwi lenyewe lilikuwa na kofia, makucha na sauti, unaliogopa kwanza ndipo unalielewa. Zilizofuata mkumbo zikabakiza kuelewa peke yake. Unakaa mbele ya filamu kama mwanafunzi anayesubiri kuambiwa kiumbe kile kinawakilisha nini, na ukishaambiwa, hofu imekwisha. Scream ya 2022 iliyachomeka mabishano haya ndani ya hadithi yenyewe: msichana anayepigiwa simu na muuaji anajitetea kwamba yeye anapenda zile za kina Babadook. Muuaji hakushawishika.

Hereditary, ya 2018, ndiyo inayofaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu iliugawa umma vipande viwili. (Kama hujaiona, ruka aya mbili.) Wahakiki waliisifu mno. Watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya maoni ya watazamaji, wakitoka kumbini usiku wa kwanza waliipa alama ya chini sana, D+. Sehemu ya hasira hiyo ilitokana na tangazo: lilimuuza binti mdogo, Charlie, kama ndiye mwenye kutisha, halafu filamu ikamuua mapema, ndani ya gari, kwa namna ambayo ukumbi mzima ulinyamaza. Huo ni mchezo wa Hitchcock wa 1960 uliorudiwa kwa nidhamu. Walioipa D+ hawakuwa wajinga. Walikuwa wamenunua tiketi ya kitu kingine, kama wale wa Halloween III.

Baadaye kaka yake Charlie anaamka usiku. Chumba ni giza. Hakuna muziki, kamera haisogei. Unamtazama yeye, kisha polepole macho yako yanazoea giza, na unatambua kwamba kule juu, pembeni ya dari nyuma yake, mama yake amejibandika ukutani kama mjusi na amekuwepo muda wote. Watu waligundua kwa nyakati tofauti ukumbini. Sasa rudi 1978. Laurie ameegemea ukuta akilia, pembeni ya mlango wa chumba chenye giza. Kidogo kidogo uso mweupe unajitokeza katika weusi ule. Dean Cundey, mpiga picha wa Carpenter, aliweka taa ndogo karibu na barakoa na kuiongeza mwanga taratibu kwa swichi, kama jicho linalozoea giza. Ni ufundi ule ule, imani ile ile kwamba mtazamaji apewe nafasi ya kuona mwenyewe. Mashabiki wanaorushiana maneno kuhusu filamu hizi mbili wanaogopa kitu kimoja na hawajui.

Kuhusu kushtuliwa ghafla, ule mlio mkubwa unaokurusha kitini, nitapita haraka kwa sababu hoja hii imechakaa. Si uvumbuzi wa sasa. Cat People ya 1942 inamfuata mwanamke anayetembea usiku barabarani, kimya kinazidi, ndipo basi linaingia kwa mfyonyo wa breki unaofanana na mnyama. Friday the 13th ya kwanza inamalizika na mtoto akiruka kutoka ziwani wakati kila mtu anadhani yameisha. Tofauti ni kipimo. Zamani mshtuko mmoja ulijengewa dakika kumi. Siku hizi zipo filamu zinazokugongea sahani sikioni kila dakika tatu, na hapo wanaolalamika wana haki yao yote.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni wanawake. Mwaka 1980 wahakiki Gene Siskel na Roger Ebert walitenga kipindi kizima cha televisheni kuzishutumu filamu hizi kwa kufurahia mateso ya wasichana. Shutuma ile haikuwa ya hewani. Ukiangalia waliofuata mkumbo baada ya 1980, utakutana na nyingi zisizo na kingine. Lakini mwaka 1987 mwanazuoni Carol Clover aliandika kwamba mtazamaji wa kiume, anayedhaniwa kumshangilia muuaji, humaliza filamu akiwa upande wa msichana wa mwisho, akihema naye na kuomba ashinde. Nadhani wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa filamu zake. Mifululizo iliyodumu ni ile iliyokuwa na Laurie, au Nancy wa Nightmare, au Sidney wa Scream, wa kumsimamisha muuaji. Bila mtu kama huyo, panga linabaki panga.

Halafu kuna Terrifier, ambayo inavuruga hesabu zote. Damien Leone alitengeneza sehemu ya pili (2022) kwa dola 250,000, ikadumu kwa saa mbili na dakika 18, ikaingiza zaidi ya dola milioni 10. Ya tatu, kwa dola milioni 2, iliongoza mauzo ya tiketi Marekani wikiendi yake ya kwanza Oktoba 2024, ikiipita Joker ya pili iliyokuwa na bajeti ya kutisha kuliko yaliyomo. Ni filamu mpya, lakini roho yake ni ya 1980: Art, muuaji aliyevaa kama chale wa sarakasi na asiyesema neno, na miili ya bandia iliyotengenezwa kwa mkono badala ya kompyuta. Inafanya pia ambacho watangulizi wake walizuiwa. Friday the 13th ya saba, 1988, ilikatwakatwa na wakaguzi hadi vifo vingine vikabaki kivuli. Terrifier 3 ilienda kumbini bila kupewa daraja lolote. Mimi hainitishi, inanichosha, na saa mbili na zaidi ni nyingi mno kwa hadithi ambayo Carpenter angeimaliza kwa dakika 91. Lakini siwezi kusema slasha imekufa huku hiyo ikijaza kumbi.

Jason mwenyewe hajaonekana kwenye filamu ndefu mpya ya kumbini tangu 2009, na kosa si la mashabiki wala la ladha kubadilika. Victor Miller, aliyeandika filamu ya kwanza, alitumia kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinachomruhusu mwandishi kurudishiwa kazi yake baada ya miaka kadhaa. Mahakama ikampa ushindi 2018, na rufaa ikauthibitisha 2021. Utata ukabaki hapa: hati ya Miller ina mama muuaji na mtoto aliyezama, haina jitu lenye barakoa ya hoki. Mwenye mama hana mwana, mwenye mwana hana mama. Na kampuni iliyochukua kazi ya kutengeneza mfululizo wa televisheni kuhusu chimbuko la Jason, Crystal Lake, ni A24. Wale wale.

Kama unataka kujipima uko upande gani, angalia In a Violent Nature ya Chris Nash, 2024. Ni slasha kamili: msitu, vijana, jitu lililofufuka, kulabu. Ila kamera inakaa nyuma ya muuaji, nasi tunatembea naye dakika baada ya dakika, majani yakivunjika chini ya buti, hakuna muziki, mazungumzo ya vijana yakisikika kwa mbali kama ya majirani. Wapenzi wa A24 waliona vifo vyake vimezidi ukatili. Wapenzi wa slasha wakalalamika kwamba jamaa anatembea tu. Lakini Jason naye amekuwa akitembea hivyo hivyo tangu 1981. Ni kwamba kamera ilikuwa kwa wanaokimbia.